Picha ya Kazi

Watu wetu wa Kongo walioko Durban wana ujinga mmoja ambao niliushuhudia miaka yote niliyosuka nywele pale mtaa wa Point. Jumapili, kanisa likishatoka, vijana wanateremka ufukweni na suti za kuazimana, wanatafuta gari zuri lililoegeshwa, wanaliegemea kama waliomaliza kulilipia jana, wanapigwa picha. Mwenye gari akitokea wanatawanyika. Jioni ile ile picha iko Uvira, iko Baraka, iko Bujumbura, na mama mtu anaizungusha mtaa mzima: mwanangu amenunua gari.

Mwanzoni wazee kule nyumbani walidanganyika. Baadaye wakaerevuka. Mabinti wawili watatu walisafirishwa kuja kuolewa na hao wenye magari, wakafika huku Durban, mtaa wa Albert Park, wakakuta bwana analala sebuleni kwa watu, nyuma ya pazia. Habari zikarudi. Tangu hapo kijana wa Afrika Kusini akiposa, wazee wa binti hawataki tena picha ya suti. Wanataka picha ya kazi. Usimame pale pale unapofanyia kazi, na nguo zako za kazi, na chombo chako mkononi. Kinyozi na mashine yake, fundi na bisibisi yake. Wanaikalia kikao, wanaivalia miwani, ndipo wanatoa neno.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikwama hapo hapo. Alikuwa na mchumba Uvira. Walijuana wakiwa watoto katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wakakua, wakapendana, kisha ukaja wakati wa watu kurudishwa Kongo. Familia ya binti ikavuka ziwa kurudi kwao, naye shemeji akaja kusini kutufuata sisi. Miaka minne binti alikuwa anamngoja. Minne, si mchezo, kwa binti wa kwetu ambaye majirani wanamhesabia umri kuliko mama yake. Baba yake aliuawa wakati wa vita, mwenye neno alikuwa baba yake mdogo, na huyo baba mdogo akapiga simu akasema wazi: kabla ya Pasaka nataka picha ya kazi, la sivyo iko mwalimu mmoja hapa anabisha hodi.

Na kazi ya shemeji ilikuwa nini? Kulinda magari. Anasimama nje ya supamaketi na kizibao cha manjano kinachong'aa, anapungia mkono gari linalorudi nyuma, anangoja sarafu. Kazi ya halali, na mimi sikuicheka. Ila yeye mwenyewe aliniambia siku moja, akila wali wangu jikoni kwetu, "Shemeji, nikituma hiyo wataona magari ishirini, na hakuna hata moja langu." Tulicheka sote, lakini niliona hakumaliza sahani.

Ilikuwa miaka miwili mitatu baada ya Kombe la Dunia. Mwezi wa Novemba mwenye jengo akauza jengo, saluni yetu ikafungwa, na mimi nikabaki na vitana vyangu kwenye mfuko wa plastiki. Kanisani kulikuwa na mzee mmoja Mrundi, mpishi katika kambi ya watalii mbali kaskazini, karibu na mpaka wa Msumbiji. Akasema majira ya joto kambi inajaa, wanatafuta mikono miwili hadi mwisho wa Februari: mwanamke wa kufua na mwanaume wa kazi za nje. Mume wangu alikuwa na ulinzi wake wa usiku, hakuweza kuondoka. Akasema, nenda na mdogo wangu. Tukapanda teksi kituo cha Warwick asubuhi, mashamba ya miwa yakaisha, mikaratusi ikaisha, lami ikaisha, na alasiri tukashushwa kwenye geti moja la chuma katikati ya miiba.

Mimi pori silipendi, niseme ukweli. Kwetu pori si mahali pa kwenda kupumzika. Nilikuwa na miaka kumi na sita tulipolala porini wiki tatu juu ya Uvira, bila moto, mama akimziba mdomo mtoto wa jirani asilie. Sasa huku nakuta wazungu wanalipa walale kwenye mavumbi yale yale, na asubuhi wanaulizana kama walisikia fisi. Nilikuwa nawatazama, nasonya. Mchanga ulikuwa mwekundu, joto lilikuwa la kukausha mate mdomoni, na simu haikushika isipokuwa juu ya kilima kimoja penye tangi la maji. Nyumba kumi na mbili za watalii, kila nyumba vitanda viwili, kila kitanda mashuka mawili kila siku. Nilifua, nilianika, nilipiga pasi. Ngedere waliiba sabuni, waliiba soksi, na mmoja siku moja alikaa juu ya paa amevaa sidiria ya mgeni shingoni, ananiangalia.

Shemeji alipewa yunifomu. Shati la kijani la mikono mifupi, suruali ya kijani, buti, kofia. Kazi yake ilikuwa kupanda gari la watalii asubuhi na jioni, kufungua mageti, kubeba sanduku la barafu, na wakishuka kunyoosha miguu awapangie meza ya chai na biskuti huku kiongozi wao, Mzulu wa pale pale, amesimama na bunduki anachunga wanyama. Basi. Lakini ungemwona. Yule kijana wa kizibao cha manjano alitembea sasa kifua mbele, buti anazisugua mpaka unajiona. Na jioni ni hadithi tupu. Leo tumeona vifaru watatu. Leo tumeona chui amelala juu ya mti na swala wake. Mimi wiki ya tano nilikuwa nimeona ngedere na ngiri, na ngiri nilimwona kwa sababu alikuja kula maganda jikoni.

Kulikuwa na ruhusa: kiti kikibaki wazi, mfanyakazi anaweza kupanda. Nilimwambia shemeji, mimi nataka tembo tu, tembo mmoja, nirudi nyumbani na kitu cha kusema. Akaniahidi Jumapili. Jumapili nikaoga, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikafunga kilemba, nikaenda kusimama kwenye gari. Viti viwili vilikuwa wazi, niliviona. Shemeji yuko juu anapanga sanduku. Mpishi Mrundi amekuja kuleta biskuti. Shemeji akaniangalia kuanzia kilemba mpaka miguu, akamgeukia mpishi, akasema kwa Kiswahili, akicheka, "Huyu atatapika tu ndani ya gari. Na hao tembo atamsimulia nani? Hana hata mtoto."

Mpishi akacheka. Kiongozi hakuelewa lugha, naye akacheka kwa kuwa wenzake wanacheka. Gari likaondoka na viti vyake viwili.

Miaka tisa ya ndoa nilikuwa nimezoea maneno hayo kwa mama mkwe, kwa wanawake wa kanisani, hata kwa daktari. Kutoka kwake sikuyategemea. Nimemlaza kwangu, nimemfulia, alipopigwa na kunyang'anywa simu kule mjini nilimkanda kwa maji ya chumvi mikono yangu hii. Nilirudi kwenye kamba zangu na kitenge cha kanisani, nikaanua mashuka. Sikulia. Nilimchukia, na nilifurahi kumchukia, kwa sababu chuki ilinipa nguvu ya kukunja mashuka arobaini na nane bila kukaa.

Siku ya Jumatano akanijia na simu yake, mpole, kama hakusema kitu. Alisahau kweli, nafikiri. Wanaosema husahau. Akataka nimpige picha ya kazi, maana hapa sasa kazi iko, nguo ziko, na Pasaka inakuja. Nikampiga tatu. Ya kwanza ameshika sepeto kwenye uzio wa geti, jasho linamtoka, anatabasamu kidogo. Ya pili yuko nyuma ya meza ya chai na birika mkononi. Ya tatu alimwomba kiongozi bunduki. Mzulu akatoa risasi, akahakikisha mara mbili, akampa akiangalia saa. Shemeji akajipachika miwani ya jua ya kuazima, akaiweka bunduki kifuani, mdomo akaukaza. Nyuma yake miti ya miiba tu.

Tulikaa kivulini akaniwekea simu mapajani. Akasema, "Chagua wewe, shemeji. Mimi nilitoka kule mtoto wa miaka mitano, sijui macho ya wazee. Wewe ndiye unajua kwetu."

Nikaitazama ile ya kwanza, nikaitazama ya pili. Nikafika ya tatu. Aliyesimama ndani ya simu hakuwa shemeji yangu. Alikuwa mtu niliyemwona mlangoni kwetu Uvira wakati wa vita, kijani ile ile, buti zile zile, bunduki imelala kifuani hivyo hivyo, miwani hiyo ya kutotaka uone anamtazama nani. Mtu yeyote aliyekuwa mkubwa miaka ile angeiona kabla hajauona uso. Na binti aliyekuwa anamngoja, baba yake alitolewa kitandani na watu wa namna hiyo, yeye akiwa chini ya kitanda. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Aliisimulia kama unavyosimulia msiba wa watu, hajawahi kuiona ile nguo mlangoni kwake.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimeshawahi kujidanganya kwamba nilichanganyikiwa na joto. Nilijua baba mdogo atasema nini, nilijua binti ataona nini. Sepeto lilikuwa pale pale, kidole kimoja tu pembeni, kazi safi ya mwanaume mwenye jasho, na wazee wangelipenda hilo sepeto mpaka mwisho.

Nikamwekea kidole kwenye ya tatu. "Hii."

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri kabisa. Zile mbili ni za boi. Hii ni ya mwanaume."

Akafurahi huyo, akapanda kilima mbio kwenda kutafuta mtandao. Nikamsikia anapiga mluzi njia nzima.

Alipoteremka alipita jikoni kumwonyesha mpishi. Nilikuwa naleta vitambaa vya meza. Mzee aliichukua simu kwa mkono wenye unga, akaitazama, na nikaona uso wake unavyobadilika. Warundi nao wameyaona yao. Akauliza, "Hii mmeshatuma?" Shemeji akasema ndiyo, imefika, imeweka alama mbili. Mzee akauliza tena, taratibu, "Nani alichagua?" Shemeji akasema, kwa fahari, "Shemeji wangu." Mpishi akanitazama. Nilimtazama vilevile, sikushusha macho. Akarudisha simu, akachukua viazi vyake, akaendelea kumenya. Naye angeweza kusema kitu, yule mtu wa kanisa. 

Jibu lilichukua siku kadhaa, kwa sababu wazee walikuwa hawajakaa. Baba mdogo alikuwa safarini Bukavu, simu iko kwa kijana wake, kikao kitakaa Jumanne. Maana yake kulikuwa na muda. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Picha ilikuwa imelala ndani ya simu ya kijana mmoja ambaye pengine hakuifungua, na mimi nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema, tuma na ile ya sepeto, uwaeleze hiyo nyingine ni ya askari wa wanyama, mchezo tu. Maneno ya nusu dakika. Lakini nikisema hivyo angeuliza, mbona hukusema Jumatano? Na jibu la hilo sikuwa tayari kulitoa. Kila siku nilipofua nilijiambia, kesho. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mtoto sina wala mjukuu, lakini hayo yalinifikia mapema, tena nikiwa bado na nafasi, na sikuyafungulia mlango.

Na Jumapili ilipofika, shemeji akanifanyia kitu nisichomsamehe mpaka leo. Alikuja kwenye kamba zangu asubuhi, kofia mkononi. Akasema, "Shemeji, mpishi ameniambia nilikuvunjia heshima wiki ile. Nisamehe. Ulimi hauna mfupa. Kiti nimekuombea mimi mwenyewe." Alikuwa karibu kulia. Furaha ya ile picha ilikuwa imemlainisha, alitaka dunia nzima iwe sawa kabla ya Jumanne. Nikamwambia yameisha. Kwa mdomo.

Nikapanda. Wazungu walinisogezea nafasi, mama mmoja akanipa kofia yake. Tukaenda saa nzima bila kuona kitu, kisha gari likazimwa kando ya mto mkavu, na tembo wakatoka kwenye vichaka, mmoja baada ya mwingine, wanawake na watoto wao. Nilihesabu kumi na saba. Walipita karibu nikasikia matumbo yao yananguruma, nikasikia ngozi inakwaruza miti. Kitoto kimoja kilikuwa kimeshika mkia wa mama yake kwa mkonga. Sikutapika. Nililia, na shemeji kutoka kule mbele akageuka, akaniona, akatabasamu, akafikiri ni tembo wanaoniliza. Tembo walikuwemo pia. Nilifurahi sana siku ile, Mungu anisamehe, nilikula biskuti mbili na chai kwenye meza aliyonipangia yeye, akanitilia sukari vijiko vitatu kama ninavyopenda. Jumanne ilikuwa bado siku mbili.

Jumanne yenyewe ikapita kimya. Jumatano mchana aliniomba nipande naye kilimani, maana jibu la posa hupokewa mbele ya mtu mzima wa familia, na hapo porini mtu mzima wa familia nilikuwa mimi. Tulikaa kwenye kivuli cha tangi. Alikuwa amevaa shati jeupe. Simu ikaita mara ya kwanza, akaipokea, akaiweka sauti ya wazi ili nisikie.

Baba mdogo hakumsalimia. Akasema, "Sisi watoto wetu hatuwapeleki tena msituni. Tulikaa huko tukatoka."

Shemeji akacheka, akifikiri mzee anatania. Akaanza kueleza, papá, hapa ni mbuga ya watalii, iko bunduki ya kulinda watu na simba, mimi napanga chai. Alisema kweli tupu, na kadiri alivyosema ndivyo ilivyosikika uongo. Mzee akamwacha amalize. Kisha akasema, "Wote wakikamatwa husema walikuwa wapishi." Akasema mwalimu ameshaitwa na kikao kimekwisha.

Shemeji akaomba aongee na binti. Palikuwa na kelele za watu, mlango, kisha pumzi ya mtu karibu na simu. Akamwita jina lake mara mbili. Binti akasema, "Uliniambia uko Durban." Sauti ndogo, haina hata hasira. Akasema, "Ulijua nililala wapi siku ile. Wewe ulijua, nilikuambia wewe tu." Halafu simu ikakatwa, na alipojaribu tena haikuita.

Alijaribu mara nyingi, sikuzihesabu. Mwishowe akaweka simu chini kwenye mchanga, akafungua ile picha, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayejifunza kusoma. Niliona inavyomwingia, polepole, kijani, buti, bunduki, miwani. Akawa na miaka mingi zaidi hapo hapo mbele yangu. Akaniinulia macho.

"Shemeji, wewe ulitoka kule mkubwa. Hukuona?"

Nilikuwa na maji ya tangi yakinidondokea bega moja. Nikasema, "Sikuona kitu. Niliona wewe tu."

Akaniamini. Alitikisa kichwa, akasema, "Basi kosa ni langu, mimi ndiye niliomba bunduki." Tulirudi Durban mwisho wa Februari, na binti akaolewa kabla ya Pasaka. Shemeji bado hajaoa. Wakati mwingine mume wangu humuuliza ilikuwaje hata posa ikaharibika, na yeye humjibu vile vile, kosa lilikuwa langu, kaka, shemeji alijitahidi sana kunisaidia. Mimi nakuwa hapo hapo, nawamiminia chai.